HESABU YA MKEKA: SAYANSI YA KUBASHIRI MICHEZO NA ULINZI WA VIJANA

Utangulizi

Mkoa wa Morogoro una historia ndefu katika kandanda ya nchi hii. Mwaka 1975 timu ya Mseto ya mjini Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Katika miaka ya 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha huko Turiani, iliutwaa ubingwa huo mara mbili mfululizo. Washabiki wa siku hizo walilipa kiingilio, wakashangilia au wakanuna, kisha wakarudi nyumbani. Aliyeshindwa ni timu tu; unga uliokuwa ndani ya nyumba ya mshabiki haukupungua.

Leo hali imebadilika. Katika vibanda umiza vya mjini, katika vijiwe vya bodaboda vya Msamvu, na hata katika magulio ya milimani Uluguru, vijana wengi hutazama mpira huku wakishika simu iliyobeba kile wanachokiita “mkeka”, yaani tiketi moja iliyounganisha ubashiri wa mechi nyingi. Fedha iliyopatikana kwa kabichi na njegere za Mgeta, au kwa karafuu na pilipili manga za Matombo, huweza kuteremka mlima asubuhi na kupotea kabla ya jua kutua, pasipo mwenyewe kutoka alipoketi.

Makala haya hayakusudii kuhukumu mtu. Madhumuni yake ni kueleza mambo mawili ambayo sayansi imeyathibitisha: kwanza, hesabu iliyofichwa ndani ya tiketi ya ubashiri, pili, namna ubongo wa binadamu, hasa wa kijana, unavyonaswa na mchezo wa aina hii. Baada ya hapo tutaeleza hatua za kinga, kisha tutatoa jaribio linaloweza kufanywa darasani kwa sarafu na punje za mahindi.

Mchezo huu ulivyofika hapa

Kubashiri matokeo ya kandanda kwa fedha si jambo jipya duniani. Nchini Uingereza, karatasi za kubashiri kandanda za kampuni ya Littlewoods ya Liverpool zilianza kuuzwa mwaka 1923. Hapa Tanzania, Bahati Nasibu ya Taifa iliwekewa sheria yake mwaka 1974. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Bodi hiyo hutoa leseni na kusimamia kasino, mashine, bahati nasibu na ubashiri wa michezo. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na baada yake zikafuata huduma nyingine za aina hiyo. Fedha ikapata uwezo wa kusafiri bila mkono kuishika. Mwezi Mei 2017 vilabu vya Simba na Yanga vilitia saini mikataba ya udhamini na kampuni ya kubashiri ya SportPesa, na mwaka 2022 Simba ikaingia mkataba na M-Bet. Jina la kampuni ya kubashiri likawa juu ya kifua cha mchezaji ambaye mtoto wa darasa la nne anamwona kuwa shujaa wake.

Ni haki kusema kwamba biashara hii ni halali, hulipa kodi, na vilabu vimefaidika na udhamini wake. Lakini uhalali wa bidhaa hauondoi wajibu wa mnunuzi kujua anachonunua. Basi na tuifungue bidhaa hii tuone kilichomo.

Bei ya ubashiri

Sayansi ya uwezekano ilizaliwa katika michezo ya kamari. Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana kwa haki fedha ya mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Mwaka 1713 kilichapishwa kitabu cha Jacob Bernoulli wa Uswisi, aliyekwisha kufariki, kilichothibitisha kanuni muhimu sana: jambo la kubahatisha likirudiwa mara nyingi, wastani wa matokeo yake husogea karibu na uwezekano wake wa kweli. Mchezaji mmoja huishi kwa kubahatisha. Kampuni yenye wachezaji wengi huishi kwa kanuni ya Bernoulli.

Kampuni huweka kwa kila tokeo namba iitwayo odi. Odi ni kizidisho: odi ikiwa 2.00, dau la shilingi 1,000 likishinda hurudi shilingi 2,000, pamoja na dau lenyewe. Ukigawanya 1 kwa odi, unapata uwezekano ambao bei hiyo inaudai. Tuchukue mechi ya mfano:

Mwenyeji kushinda: odi 2.00, 1 ÷ 2.00 = asilimia 50.00
Sare: odi 3.20, 1 ÷ 3.20 = asilimia 31.25
Mgeni kushinda: odi 3.60; 1 ÷ 3.60 = asilimia 27.78
Jumla: asilimia 109.03

Mechi haina tokeo la nne. Kwa hiyo jumla ya uwezekano wa kweli haiwezi kuwa zaidi ya asilimia 100. Hizo asilimia 9.03 zilizozidi zimetoka wapi? Hazikutoka uwanjani. Zimetiwa na kampuni katika bei, na ndizo pato lake.

Msomaji anaweza kulihakikisha jambo hili kwa njia rahisi. Tuseme mtu anataka kuwa na hakika ya kupata shilingi 10,000, liwalo na liwe. Ataweka shilingi 5,000 kwa mwenyeji, 3,125 kwa sare, na 2,778 kwa mgeni. Tokeo lolote litamrudishia shilingi 10,000. Lakini alizotoa mfukoni ni shilingi 10,903. Amekuwa na hakika ya kushinda, na papo hapo ana hakika ya kupoteza shilingi 903. Kwa maneno mengine, katika bei za mfano huu kila shilingi 1,000 inayowekwa hurudisha kwa wastani shilingi 917 tu. Hapo bado hatujahesabu kodi inayokatwa katika ushindi.

Upungufu huu ni mdogo kwa mechi moja, na ndiyo sababu hauonekani. Wakulima wa Uluguru wanaijua hali ya namna hii. Mvua moja haiondoi shamba. Huchukua udongo kidogo tu kutoka kwenye mteremko. Lakini udongo huo kidogo, mvua baada ya mvua, ndio unaopunguza kina cha bwawa la Mindu huku mkulima akibaki na mawe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa tuongeze kwamba haba na haba pia hukimaliza.

Je, mjuzi wa soka hawezi kushinda?

Hili ndilo swali ambalo vijana huuliza kwanza, nalo ni swali zuri. Kijana anayejua majina ya wachezaji wote, majeruhi wote na matokeo ya misimu mitatu iliyopita huona kwamba yeye habahatishi, anatumia elimu. Kosa la hoja hii ni kudhani kwamba kampuni haina elimu hiyo. Bei hupangwa na wataalamu wenye kompyuta na kumbukumbu za maelfu ya mechi, na hubadilishwa mara habari mpya inapotokea. Mchezaji hodari akiumia, odi imekwisha kubadilika kabla habari haijafika kijiweni. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba timu fulani ni bora, kwa sababu ubora huo umekwisha kutiwa katika bei. Ili kupata faida ya kudumu, mtu hana budi kuijua mechi kuliko bei yenyewe, tena kwa kiasi kinachozidi ile ziada ya kampuni, tena kila wiki. Watu wa namna hiyo ni wachache mno duniani, na zipo kampuni za ng’ambo ambazo humpunguzia kiwango cha dau mteja anayeonekana kushinda mara kwa mara.

Hesabu ya mkeka

Vijana wengi hawachezi mechi moja. Huunganisha mechi kumi au zaidi, kwa sababu odi zinapozidishwa huzaa kizidisho kikubwa. Mechi kumi zenye odi 2.00 kila moja huzaa 1,024. Shilingi 1,000 inaahidi shilingi 1,024,000. Kwa kijana asiye na mtaji, hiyo ni bei ya kuanza maisha.

Lakini odi zinapozidishwa, ile ziada ya kampuni nayo huzidishwa. Katika mfano wetu, dau la shilingi 1,000 hurudisha kwa wastani kiasi kifuatacho:

Mechi 1: shilingi 917
Mechi 3: shilingi 772
Mechi 5: shilingi 649
Mechi 10: shilingi 421
Mechi 15: shilingi 273

Tazama vizuri. Katika mkeka wa mechi kumi, zaidi ya nusu ya dau imekwisha kuliwa na bei kabla mpira haujapigwa hata teke moja. Tofauti kati ya mchezo wa mechi moja na mkeka ni kama tofauti kati ya ndoo yenye tundu moja na ndoo yenye matundu kumi.

Sasa tutafute uwezekano wa kushinda. Tukiiondoa ziada ya kampuni kwa uwiano ulio sawa, timu yenye odi 2.00 ina uwezekano wa kweli wa asilimia 45.86, si 50. Uwezekano wa kupatia mechi zote kumi ni 0.4586 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani mara moja katika tiketi 2,430 hivi. Kijana akikata mkeka mmoja kila Jumamosi, kwa wastani atangoja karibu miaka 47 ili apate ushindi mmoja. Aliyeanza akiwa na miaka 18 atakuwa amefika 65. Katika muda huo atakuwa ametoa shilingi 2,430,000 ili apokee shilingi 1,024,000.

“Mbona fulani ameshinda?”

Ni kweli kwamba watu hushinda. Tiketi 2,430 zikikatwa Jumamosi moja, yatarajiwa kuwa moja itashinda. Huyo mmoja atapigwa picha, atatajwa redioni, na jina lake litafika mpaka Nyandira na Kinole. Wale 2,429 hawapigwi picha. Kila mmoja wao hunyamaza na hasara yake. Hivyo masikio ya kijana husikia habari za washindi tu, na akili yake hukadiria kuwa ushindi ni jambo la kawaida. Katika elimu ya takwimu hilo huitwa sampuli yenye upendeleo: tumehesabu walioonekana na kusahau wasioonekana.

Lipo kosa jingine la fikra, nalo ni kudhani kwamba aliyeshindwa mara nyingi “sasa zamu yake imefika”. Sarafu haina kumbukumbu. Ikianguka upande mmoja mara tano mfululizo, uwezekano wa kuanguka upande huo mara ya sita bado ni nusu. Hali kadhalika, mikeka iliyochanika haiuongezei mkeka wa kesho nguvu yoyote. Kufukuzia fedha iliyopotea kwa kuongeza dau ndiyo njia ya haraka ya kugeuza hasara ndogo kuwa deni.

Funzo kutoka kwa panya buku

Baada ya hesabu, tuingie katika tabia. Kama hesabu yenyewe ni dhahiri namna hii, kwa nini mtu aliyepoteza mara hamsini arudi tena? Jibu linaweza kuanzia hapa hapa Morogoro.

Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku katika eneo la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hawa hunusa baruti za mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia hunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu huko Kambodia. Njia ya kuwafunza ni hii: panya anapofanya jambo linalotakiwa, husikia mlio mfupi na hapo hapo hupewa chakula, kama vile ndizi. Punde anajifunza kuunganisha mlio na tuzo, kisha kuunganisha harufu na mlio.

Lakini panya akiwa kazini hatuzwi kila mara. Katika maabara ya kifua kikuu, akionyesha sampuli ambayo bado haijathibitishwa kuwa na vijidudu, hapewi kitu, kwa kuwa mfunzaji mwenyewe hajui kama amepatia. Hutuzwa kwa zile sampuli zilizokwisha kuthibitishwa, zilizochanganywa humo. Panya hawezi kujua ni ipi italeta ndizi. Hata hivyo huendelea kunusa kwa bidii.

Msingi wa jambo hili ulielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, ambaye mwaka 1957 alichapisha pamoja na Charles Ferster matokeo ya majaribio mengi juu ya wanyama. Mnyama aliyezoea kupata tuzo kila anapobonyeza kitufe, tuzo ikikoma huacha upesi. Lakini mnyama aliyezoea tuzo inayokuja pasipo utaratibu unaojulikana huendelea kubonyeza kwa muda mrefu sana hata baada ya tuzo kukoma. Tuzo isiyotabirika hufunga kuliko tuzo ya hakika. Mkeka, na zile mashine za sarafu ziitwazo mitaani “dubwi”, zimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Ila iko tofauti moja kubwa: panya buku halipi kitu ili anuse, na mwenye kumfunza humpumzisha. Kijana hulipa kila anapobonyeza, na hakuna anayempumzisha.

Tena iko nguvu ya “nusura”. Mechi tisa zimepatia, ya kumi imechana mkeka. Mchezaji huiona hali hii kuwa ishara kwamba amekaribia. Hesabu husema vingine. Katika mfano wetu, kupatia mechi tisa kamili kati ya kumi hutokea karibu mara 12 kwa kila ushindi mmoja kamili. Kwa hiyo kukosa kwa mechi moja ni zao la kawaida la mkeka. Si dalili ya ushindi unaokuja. Hata hivyo uchunguzi wa ubongo uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu za ubongo ambazo pia huamshwa na ushindi wenyewe. Mtu amepoteza, na bado sehemu ya ubongo wake inasherehekea.

Ubongo wa kijana

Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo huhusika na kutarajia na kutafuta tuzo. Mfumo huo huwa na nguvu sana wakati wa ujana. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, yenye kazi ya kupima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa polepole hadi mtu afikapo umri wa miaka 25 hivi. Kijana wa miaka 16 ni kama gari lenye injini imara na breki ambazo bado zinafungwa. Hii si dosari ya malezi wala upungufu wa akili. Ndivyo binadamu anavyokua. Hapo ndipo ilipo sababu ya kisayansi ya kuweka kikomo cha umri.

Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 2013 kiliuhamishia uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo inautambua. Mwaka 2024 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la tiba la The Lancet Public Health lilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana ugonjwa huu au hucheza kamari kwa namna yenye matatizo. Basi mtu aliyenaswa asidharauliwe. Anahitaji msaada kama mgonjwa mwingine yeyote.

Dalili zifuatazo zafaa kuangaliwa na wazazi, walimu na marafiki:

1. Kuongeza dau kila mara ili kupata msisimko ule ule.
2. Kukasirika au kukosa raha anapojaribu kuacha.
3. Kucheza tena ili kurudisha fedha iliyopotea.
4. Kuficha simu, kusema uongo juu ya fedha, au kukopa kwa siri.
5. Kutumia ada, nauli ya shule, mtaji wa biashara au marejesho ya pikipiki.
6. Kuacha masomo, kazi au michezo aliyokuwa akiipenda.

Hatua za kinga

Nchi jirani zimejaribu njia mbalimbali. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubashiri. Kampuni ya SportPesa ikasimamisha shughuli zake huko, na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikapoteza udhamini wake. Uingereza nako, vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana mwezi Aprili 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mifano hii inatufundisha kwamba umri, leseni na matangazo ni vishikio ambavyo serikali na vyama vya michezo vinaweza kuvishika.

Lakini sheria haiingii katika kila nyumba. Mtoto wa sekondari huweza kutumia laini ya kaka yake au simu ya mama yake. Kwa hiyo kinga ya kwanza imo mikononi mwa watu wazima wenyewe. Namba ya siri ya simu ya fedha isitolewe kwa mtoto, hata kama ni kwa kumrahisishia mama kazi. Mkubwa asimkatie mdogo mkeka. Wakala na mwenye duka lenye mashine amwulize umri kila anayemtilia shaka. Mwenye kibanda umiza anaweza kuonyesha mpira bila kuwa mlango wa kamari.

Kinga ya pili ni elimu. Somo la uwezekano limo katika hisabati ya sekondari, lakini hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa mifano ya dadu na karata. Mwanafunzi aliyeishia darasa la saba hakukutana nalo kabisa, na aliyekutana nalo huenda hakuambiwa kuwa linahusu mkeka. Walimu wanaweza kuziba pengo hilo kwa kipindi kimoja tu, kwa lugha ambayo mtoto huitumia kijiweni.

Kinga ya tatu ni kumpa kijana pa kuweka fedha yake. Shilingi 1,000 kila siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ikiwekwa katika kikundi cha kuweka na kukopa haitazaa milioni kwa usiku mmoja, lakini haitachanika. Kijana wa Mgeta atapata mbegu na mbolea ya msimu; wa mjini atapunguza deni la pikipiki.

Kwa yule aliyekwisha kunaswa, hatua za awali ni kumweleza mtu anayemwamini, kumkabidhi mtu huyo fedha zake kwa muda, kufunga akaunti za kubashiri, na kwenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Tiba ya mazungumzo, ambayo humsaidia mtu kuzitambua na kuzirekebisha fikra zake juu ya kamari, imeonyesha mafanikio katika nchi nyingi.

Jaribio la darasani

Vifaa: sarafu, na punje za mahindi 2,500.

Utaratibu: Mwalimu amteue mwanafunzi mmoja awe benki, apewe punje 500. Wanafunzi wengine 20 wapewe punje 100 kila mmoja. Kwa kila zamu, mchezaji atoe punje 10, kisha arushe sarafu. Ikiangukia upande wa kichwa, benki impe punje 18. Ikiangukia upande wa pili, asipewe kitu. Kila mchezaji acheze zamu 30, isipokuwa amefilisika.

Matokeo yatarajiwayo: Wanafunzi watano au sita hivi watamaliza wakiwa na punje zaidi ya walizoanza nazo, nao watafurahi sana. Wachache watafilisika. Benki kwa kawaida itakuwa imeongeza punje mia kadhaa, karibu 500 au 600. Mwalimu awaulize washindi siri ya ushindi wao. Baadhi yao watatoa sababu, ingawa wote wanajua kuwa ilikuwa sarafu tu. Hapo somo litakuwa limeeleweka. Kisha mchezo uendelee kwa zamu 30 nyingine, na darasa litazame ni wangapi kati ya washindi wa kwanza waliobaki washindi.

Hitimisho

Kandanda ni mchezo wa heshima, na kuupenda si kosa. Tulichoonyesha ni kwamba tiketi ya ubashiri ni bidhaa yenye bei, na bei hiyo imepangwa ili wachezaji kwa jumla wapoteze. Kadiri mechi zinavyounganishwa ndivyo hasara inavyokua, na kadiri tuzo isivyotabirika ndivyo mtu anavyozidi kurudi. Kijana mwenye kujua mambo haya hatahitaji kukatazwa kwa fimbo. Ataweza kuuchukua mkeka, kugawanya 1 kwa kila odi, kujumlisha, na kuona mwenyewe kilichokwisha kuchukuliwa kabla ya filimbi ya kwanza.

Maswali

1. Mechi ina odi 1.50 kwa mwenyeji, 4.00 kwa sare na 6.00 kwa mgeni. Tafuta jumla ya uwezekano unaodaiwa na bei hizi. Kwa wastani, dau la shilingi 1,000 litarudisha kiasi gani?
2. Mkeka wa mechi mbili zenye bei kama hizo utarudisha kwa wastani kiasi gani kwa kila shilingi 1,000?
3. Rafiki yako anasema: “Nimekosa kwa mechi moja mara tatu, wiki hii lazima nipate.” Mjibu kwa hoja mbili za kisayansi.

Majibu: (1) Asilimia 108.33, shilingi 923. (2) Shilingi 852. (3) Matokeo yaliyopita hayabadilishi uwezekano wa mkeka mpya. Na kukosa kwa mechi moja hutokea mara nyingi zaidi kuliko ushindi kamili, hivyo si dalili ya kukaribia.